Maswali ya Wasomaji: Mgongo, Shingo na Mikono ya Mafundi wa Kazi za Mikono

Barua zilizotufikia siku za karibuni kuhusu maumivu ya mgongo, shingo na mikono zimetoka kwa wingi kwa watu ambao kazi yao hawaifanyi ofisini wala kiwandani, bali barazani, uani, chini ya mwembe au katika kibanda cha soko: wasusi wa ukili (ukanda uliosukwa kwa majani ya ukindu), washona kofia, wachongaji wa mpingo na wasusi wa viondo. Nimechagua tano na kuzijibu kwa urefu unaotofautiana, kwa sababu matatizo yenyewe hayalingani. Majina yameondolewa. Ninajibu nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na kwa mikono, na pia nikiwa mjukuu wa mwanamke aliyesuka mikeka mpaka vidole vikakataa kunyooka; kwa hiyo msomaji asishangae akiniona nikisisitiza baadhi ya mambo kuliko ilivyo desturi ya safu hii.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Wete, Pemba. Nimesuka ukili tangu nikiwa na miaka tisa, na mikeka ndiyo iliyowasomesha wanangu. Tangu mwaka jana kiuno kinauma kila ninapoinuka baada ya kushona, na mguu wa kulia unakufa ganzi upande wa nje wa muundi mpaka juu ya wayo. Binti yangu ananiambia nikae wima, lakini nikikaa wima siwezi kuifikia kazi. Je, niache kusuka?

JIBU: Waalaykum salaam, mama yangu, na shikamoo. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililonigusa: hapana, usiache. Maelezo yako hayaonyeshi mgongo ulioharibika kiasi cha kukunyima riziki. Yanaonyesha mgongo uliolazimishwa kukaa katika mkao mmoja kwa saa nyingi, kwa zaidi ya miaka 40, bila kupewa nafasi ya kubadilika.

Binti yako amekushauri kwa mapenzi, lakini kukaa wima kama mlingoti si dawa. Hakuna mkao, hata ule unaosifiwa sana, ambao misuli ya binadamu inaweza kuushikilia kwa saa tatu bila kulalamika, kwa sababu msuli uliokazwa mfululizo huibana mishipa yake midogo ya damu, na damu isipopita vizuri uchovu hugeuka maumivu. Kinachokuumiza ni mambo mawili yaliyokutana: kuinama, na kuinama huko kudumu. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za uti wa mgongo za watu walio hai, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba mtu aliyeketi huku ameinama mbele huzibana diski za kiuno kuliko mtu aliyesimama. Watafiti waliopima baadaye kwa vifaa bora zaidi walilikuta jambo hilo hilo kuhusu kuinama. Diski ni kama mto mdogo wenye ute katikati, uliowekwa kati ya pingili mbili. Ukiubana upande wa mbele kwa muda mrefu, kano zilizo nyuma ya pingili huvutika na kulegea polepole, na ndiyo maana maumivu yako hayaji wakati unaposhona bali wakati unapotaka kuinuka.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa humo ndimo ilimo nafuu yako. Mkeka hupitia hatua nyingi: kuanika ukindu, kuchana chane, kuchemsha rangi, kusuka ukili, kisha kushona mikanda ya ukili pamoja mpaka upana utimie. Kusuka ukili ni kazi yenye huruma kwa mgongo, kwa sababu ukili unachukulika: msusi anaweza kusuka ameketi, amesimama mlangoni, au akitembea kwenda kwa jirani, kama tunavyowaona akina mama wengi wa Unguja na Pemba wakifanya. Kushona ndiko kunakoumiza, kwani mkeka umetandazwa chini nawe unaufuata kwa kuinama kila unavyopanuka. Wasusi wengi hulimbikiza ukili kwa wiki kadhaa, kisha hushona siku mbili tatu bila kupumua ili mteja apate mzigo wake. Ninakuomba uiache desturi hiyo. Shona kidogo asubuhi na kidogo alasiri, na muda uliobaki uwe wa kuchana, kuchemsha na kusuka, ili mgongo upate kazi tofauti ndani ya siku moja badala ya kupata kazi moja wiki nzima. Idadi ya mikeka haitapungua, kwa sababu jumla ya saa ni ile ile. Kinachobadilika ni mpangilio wake.

Wakati wa kushona, usikae juu ya sakafu tupu. Ukiwa sakafuni huku umenyoosha miguu mbele, misuli ya nyuma ya mapaja huuvuta mfupa wa nyonga kurudi nyuma, na kiuno hupinda hata kama hutaki. Weka chini ya makalio mto mgumu au blanketi lililokunjwa lenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, au kalia kigoda chenye kimo cha mbuzi ya kukunia nazi, mpaka nyonga ziwe juu kuliko magoti. Utaona kiuno kinajinyoosha chenyewe. Egemea ukuta wa baraza. Kisha uvute mkeka uje kwako badala ya wewe kuufuata: sehemu iliyokwisha kushonwa iviringishwe pembeni, na ukingo unaoshonwa ulale juu ya mapaja au juu ya boksi fupi.

Kuhusu ganzi ya mguu, ningekuwa nawe ningekuuliza unavyokaa, na nadhani ungenijibu kwamba unaukunja mguu wa kulia chini yako au unapishanisha miguu. Upande wa nje wa goti, chini kidogo, kuna kinundu cha mfupa mwembamba wa mguu, na mshipa wa fahamu unaoupa wayo nguvu ya kuinuka hupita juu ya mfupa huo ukikingwa na ngozi tu. Ukibanwa kati ya mfupa na sakafu kwa muda mrefu, ganzi hutokea mahali pale pale ulipopataja. Ganzi inayotoka mgongoni inaweza kufanana nayo, ila mara nyingi huja na maumivu yanayoshuka kutoka kalioni. Usiukunje mguu huo kabisa kwa wiki tatu uone. Ganzi ikiendelea, au ukianza kuburuta vidole vya mguu unapotembea, nenda hospitali bila kusubiri; na ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au ukihisi ganzi kuzunguka sehemu za siri, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, basi pima iwe saa yako. Kila unapomaliza pima moja, au nusu yake ikiwa unasuka taratibu, simama, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma mara 5, tembea hadi kwenye mtungi unywe maji, ndipo urudi. Wasusi wanaoswali huniambia kwamba sala huwainua, na ni kweli. Lakini kati ya adhuhuri na alasiri ni kama saa tatu, na mgongo hauwezi kusubiri kiasi hicho. Kabla ya kulala, lala chali, kunja magoti, inua nyonga juu kama daraja, hesabu mpaka 5, kisha shusha. Fanya mara 10. Kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu hakuna ubaya, na joto lake hutuliza misuli, ila kusiwe ndiyo matibabu pekee, na asiruhusiwe mtu yeyote kuukanyaga mgongo wako.

SWALI: Salamu kutoka Lamu. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, nashona kofia za mkono, zile za viua. Kofia moja hunichukua zaidi ya mwezi. Shingo inaniuma mpaka katikati ya mabega, na jioni kichwa kinagonga. Tena usiku naamka vidole vitatu vya kwanza vya mkono wa kulia vikinichoma kama sindano, mpaka niukung'ute mkono ndipo napata nafuu. Nimechuliwa shingo mara nyingi bila faida. Je, ni mshipa wa shingo uliobanwa?

JIBU: Ndugu yangu, hilo la kuukung'uta mkono umefanya vyema kulitaja, kwa sababu limenisaidia kuona kwamba una matatizo mawili yaliyokuja pamoja, na kwamba la pili huenda halina uhusiano na shingo.

Mbele ya kifundo cha mkono, pale unapoanza kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa midogo pande tatu na utando mgumu upande wa juu. Ndani yake hupita kano tisa za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, na mshipa huo ndio unaohisi kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kano zikivimba kidogo kwa kazi ya kurudiarudia, mshipa ndio unaobanwa kwa kuwa ndio laini kuliko vyote. Usiku mtu hulala amekunja kifundo bila kujua, njia ikazidi kuwa nyembamba, akaamka vidole vinawaka. Kidole cha mwisho huwa salama, kwa sababu hisia zake hupita njia nyingine. Hebu chunguza usiku wa leo kama chako kimo au hakimo. Vidole vyote vitano vikiwa na ganzi, au maumivu yakianzia shingoni na kuteremka mkononi unapogeuza kichwa, hapo ndipo nitakapoifikiria shingo.

Tiba ya mwanzo ni kulala na kifaa kinachokishikilia kifundo kikiwa kimenyooka, kila usiku kwa wiki 6 mfululizo. Huuzwa katika maduka ya vifaa tiba, na kwa asiyekipata, kibao chembamba kilichozungushiwa kitambaa laini na kufungwa kwa bendeji upande wa kiganja, bila kukaza, huweza kusaidia. Omba pia upimwe sukari na tezi ya shingo, kwa kuwa ugonjwa wa kisukari na upungufu wa homoni ya tezi huandamana mara nyingi na tatizo hili. Endapo nyama iliyo chini ya kidole gumba inaanza kubonyea, au sindano inakuponyoka mkononi kwa udhaifu, usingoje wiki 6: muone daktari wa upasuaji wa mifupa, kwani upasuaji wake ni mdogo, na mshipa uliobanwa kupita kiasi huenda usirudi katika hali yake hata baada ya kufunguliwa.

Mchana, itazame namna unavyoshika sindano. Kofia ya viua hushonwa tundu kwa tundu, na kila tundu ni kubana kwa ncha za vidole. Wataalamu wa kiungo cha kidole gumba wamekadiria kwamba nguvu ya kubana kwa ncha huongezeka takriban mara 12 inapofika kwenye kiungo kilicho chini kabisa ya kidole hicho. Sukuma sindano kwa kastabini badala ya kuivuta kwa kubana, na pale inapokwama ndani ya tabaka mbili za kitambaa, ivute kwa kipande cha mpira ambacho hakitelezi. Sindano iliyopinda au iliyokufa ncha itupwe mara moja, kwa maana bei yake ni ndogo kuliko bei ya kidole.

Sasa shingo, na hapa nitakuuliza jambo ambalo huenda hukulitarajia: je, unaona vizuri kwa karibu? Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho huanza kupoteza uwezo wa kujirekebisha kwa vitu vya karibu, na hali hii humfikia kila mtu, mkulima na profesa. Mshona kofia wa miaka 46 asiye na miwani hutafuta uonekano kwa shingo: huinamisha kichwa, huipindua kazi, husogea kwenye mwanga, hukunja mabega, kisha hushangaa kwa nini ukosi unamwaka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na hesabu moja ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2014 ilikadiria kwamba kikiinamishwa kwa nyuzi 60, mzigo unaoifikia shingo hukaribia kilo 27. Kichwa chako kinachogonga jioni kinaweza kuwa kimechoshwa na macho na shingo kwa pamoja. Kapimwe macho kabla ya kulipa mchuaji mwingine. Miwani ya kusomea ni miongoni mwa vifaa tiba vya bei nafuu kuliko vyote nivijuavyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wachumaji wa chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kuchuma chai ni kazi ya majani makubwa ukilinganisha na tundu la kofia, basi ninaamini mshona kofia ana haki kubwa zaidi ya miwani hiyo.

Baada ya macho, ipandishe kazi. Weka mito miwili mapajani, au ubao uliolazwa juu ya magoti, ili mikono ipate pa kuegemea na kofia iwe usawa wa kifua. Bega linaloning'inia hewani huchoka mapema sana. Shona viua vidogo asubuhi, mwanga wa mlangoni ukikujia kutoka ubavuni, na uache kazi za kukata na kuandaa kitambaa kwa ajili ya jioni. Kila nusu saa, tazama mbali baharini au mwisho wa mtaa, rudisha kidevu nyuma kama mtu anayekataa kijiko, shikilia kwa kuhesabu mpaka 5, kisha bana mabega nyuma na uyaachie. Ukifanya hivyo mara 8 utahisi tofauti ndani ya wiki mbili.

SWALI: Mimi ni mchongaji wa vinyago, Mwenge, Dar es Salaam, nina miaka 34. Kiwiko cha kulia kinauma upande wa nje tangu miezi mitano iliyopita, siwezi hata kuinua sufuria. Nachonga nimeketi chini, kigogo nimekibana kwa miguu. Nanunua diklofenaki dukani na kumeza karibu kila siku. Rafiki yangu ananishauri nichomwe sindano ndani ya kiwiko. Naomba ushauri.

JIBU: Kaka, kabla ya kiwiko tuzungumze kuhusu hizo tembe, kwa sababu zinanitia wasiwasi kuliko maumivu yenyewe. Diklofenaki ikimezwa kila siku kwa miezi inaweza kuchimba vidonda tumboni mpaka vitoke damu, kupandisha shinikizo la damu, na kudhuru figo na moyo, hata kwa mtu wa umri wako. Iache leo. Ukihitaji kitu cha kutuliza kwa siku chache, uliza kituo cha afya kuhusu dawa ya kupaka au parasetamoli, na umweleze mhudumu kwa ukweli umeimeza ile kwa muda gani. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kinachouma ni kano za misuli inayoinua kifundo cha mkono, mahali zinapojishikiza kwenye mfupa wa kiwiko. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba mita moja ya ujazo huzidi kilo 1,200 na kipande chake huzama majini. Kila pigo la tezo linalogonga mti wa namna hiyo hurudi mkononi, na kano ndizo zinazolipokea. Sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kiwiko hutuliza kwa wiki chache, jambo linalovutia, lakini tafiti zimeonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa. Sikushauri.

Ninachokushauri ni kuifundisha kano ibebe mzigo upya. Egemeza mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini, shika chupa ya maji ya nusu lita, iinue kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto, kisha ishushe polepole kwa kuhesabu mpaka 4 ukitumia mkono unaouma peke yake. Fanya mara 15, upumzike, urudie mara mbili zaidi, kila siku kwa miezi 3. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakibaki mpaka kesho yake, punguza maji. Watu wengi hupona, lakini ni kwa miezi, na anayetaka kupona kwa wiki moja hukata tamaa bure.

Kwa upande wa kazi, noa. Tezo butu inadai nguvu maradufu, na nimeona wachongaji hodari wanaokipa kinoo dakika tano tu kwa siku. Zungusha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mpini ili unene na usiteleze, usiukaze kupita kiasi, na kifundo kibaki kimenyooka wakati wa pigo. Kazi ya kukata kwa nguvu ifanye umesimama, kigogo kimebanwa kwa jiliwa juu ya meza inayofika kiunoni. Kazi ya patasi ndogo na msasa ndiyo ubaki nayo chini. Ninajua kwamba wazee waliokufundisha walichonga maisha yao yote wakiwa wameketi chini, na sithubutu kuwakosoa, ila wewe mwenye kiwiko kigonjwa unahitaji miguu yako ipumzike na kazi ya kukibana kigogo.

SWALI: Mama yangu ana miaka 61, ni msusi wa vikapu, tunaishi karibu na Kilwa Masoko. Mgongo unamuuma katikati kwa miezi minne, zaidi usiku, amepungua sana mwili, na jioni anapata homa. Watu wanasema ni ukili umemzeesha. Tumfanyie mazoezi gani?

JIBU: Dada yangu, msimfanyie zoezi lolote. Mpelekeni hospitali wiki hii, na mkiweza, kesho. Maumivu ya kazi hupungua mtu anapolala. Maumivu yanayozidi usiku, yakiwa pamoja na homa na kupungua mwili, yanatutaka tutafute ugonjwa, na katika nchi zetu wa kwanza kuufikiria ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinaweza kumpata mtu asiyekohoa hata kidogo. Kuna magonjwa mengine pia, yakiwemo saratani zinazosambaa hadi kwenye mifupa, ndiyo maana hatuwezi kubahatisha. Mwelezeni daktari mambo hayo matatu kwa pamoja, kwa sababu akiambiwa mgongo peke yake anaweza kumpa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani. Atahitaji picha ya mgongo, vipimo vya damu na uchunguzi wa kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na akizianza mapema anaweza kupona vizuri. Akichelewa, pingili zinaweza kuporomoka na miguu ikapooza. Asichuliwe mgongo, asikandwe kwa nguvu, na asibebe ndoo. Ikiwa miguu imeanza kulegea, msingoje kesho.

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 18 wanaosuka viondo Machakos. Tumepata fedha kidogo za kuboresha mahali pa kazi. Wengi wetu tunaumwa mgongo, mabega na vifundo vya mikono. Wengine wanataka viti vya plastiki, wengine wanasema ni kupoteza fedha. Tufanye nini?

JIBU: Katibu, nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kununua. Viti 18 vya plastiki vinavyofanana vitawafaa wachache, kwa sababu nyonga ya mwanamke mrefu na ya mwanamke mfupi hazikutani kwenye kiti kimoja, na kiti chenye mikono huwabana viwiko wanaosuka. Afadhali mumwagize fundi seremala mabenchi ya vimo vitatu tofauti, yenye maegemeo ya chini yanayofika kiunoni, na meza mbili ndefu za kusimamia kwa wanaokata na kupanga katani. Mkeka ubaki pia, kwa anayetaka kukaa chini kwa muda.

Kuna kazi moja kwenu ninayotaka muifikirie zaidi, nayo ni kusokota uzi wa katani kwa kuuviringisha juu ya paja. Mkono huenda na kurudi mara nyingi mno, na bega hutangulia mbele kila mara. Anayesokota siku nzima ndiye atakayeumia kwanza. Gaweni zamu, ili kila mmoja asokote kwa muda wa saa moja, kisha aende kusuka, kisha apake rangi au afunge mizigo, badala ya kuwa na wasokotaji wa kudumu kwa sababu tu wana mkono mwepesi.

Zamu hizo zitagongana na malipo, na hapa sitazunguka. Mtu anayelipwa kwa kila kiondo hupumzika kwa gharama ya chakula cha watoto wake, kwa hiyo ni bure kumwambia apumzike bila kugusa namna anavyolipwa. Kikundi kinaweza kukubaliana kwamba malipo ya kusokota na kupaka rangi yahesabiwe peke yake, kwa kipimo chake, ili anayebadilisha kazi asipoteze. Mnapozungumza na mnunuzi kuhusu bei na tarehe ya mzigo, mwambieni wazi kwamba agizo la haraka lina gharama ya mwili. Si jambo la kuomba kwa unyonge. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya kazini ya mwaka 2002 iliyorekebishwa mwaka 2010, limeyataja magonjwa ya kano yatokanayo na kurudiarudia, kubanwa kwa mshipa wa kifundo cha mkono, na madhara ya goti yatokanayo na kupiga magoti au kuchuchumaa kwa muda mrefu. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1700, tabibu wa Kiitaliano Bernardino Ramazzini aliandika kuhusu mafundi wanaofanya kazi wakiwa wameketi na kuinama, jinsi migongo yao inavyopinda, akawashauri wafanye mazoezi angalau siku za mapumziko. Ninamheshimu sana, ila kwa akina mama wenye shamba, maji na jiko baada ya kiondo, siku ya mapumziko ni adimu. Harakati zao lazima ziingizwe ndani ya saa za kazi zenyewe. Chagueni mmoja kila siku awe na kengele au hata sufuria na kijiko, agonge kila nusu saa, na wote 18 wasimame, wanyooshe mikono juu, wajipinde nyuma, wazunguke nyumba mara moja. Kwa wenye watoto wanaojifunza kusuka, watoto hao wasikae zaidi ya nusu saa kwa wakati mmoja, kwa maana mifupa yao bado inakua.

Kabla ya kumlipa seremala, mwambieni atengeneze benchi moja tu la mfano. Kila mmoja wenu aje na kiondo chake ambacho hakijakamilika, alikalie na kusuka kwa robo saa nzima, kisha aseme panapomuuma. Yaandikeni majibu hayo, mmpelekee fundi, ndipo mabenchi mengine yakatwe.